Alizeti ipimwe mafuta, si gunia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala iliyotoka kwenye gazeti lako hivi karibuni, iliyodai kwamba mkulima wa alizeti wa Dodoma na Singida hapandi mbegu bora kwa sababu ya mazoea na uelewa mdogo. Mwandishi hakusema alizungumza na wakulima gani. Mimi nazungumza nao kila msimu kwa kuwa wanakuja mlangoni kwangu na magunia yao. Nina mashine ndogo ya kukamua hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, na kabla ya kustaafu nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kupima mbegu: unyevu, uotaji, protini, mafuta. Kwa hiyo nimeiona alizeti kwenye chupa za kioo, na sasa naiona kwenye mashudu.

Ninachobishia ni hiki. Mkulima anapanda kile anacholipwa. Analipwa gunia, anapanda gunia. Siku atakayolipwa mafuta ataitafuta mwenyewe mbegu yenye mafuta, hata kama bwana shamba hajafika kijijini kwake tangu uchaguzi uliopita.

Tuanze na gunia lenyewe. Huku vijijini alizeti inauzwa kwa debe au kwa gunia, na dalali akiona mizani anaipita kwa mbali. Lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita mdomo wake, imepigwa marufuku miaka nenda rudi, bado tunaiona barabarani na kilemba chake. Sasa chukua ile mbegu ya zamani inayojulikana na kila mtu, Record, pamoja na zile zilizochanganyikana nayo shambani mpaka hazina jina tena. Punje ni kubwa, ndefu, ganda nene. Ibonyeze kwa kidole gumba, utasikia kuna uwazi kati ya ganda na kiini. Mbegu chotara za mafuta punje zake ni ndogo, nyeusi, zimeshiba. Kilo mia za hizi nyeusi zinajaza madebe machache kuliko kilo mia za zile zenye ganda nene, na ndani yake mna mafuta mengi zaidi. Lakini kwa dalali debe ni debe. Aliyenunua mbegu ghali, akapalilia kwa wakati, akapata punje iliyojaa mafuta, anafika sokoni na kukuta amejipunguzia madebe. Kwenye minada yetu ya ng'ombe hakuna Mgogo atakayekubali dume lake lipangiwe bei kwa urefu wa pembe, lakini alizeti tunaipangia bei hivyohivyo na hakuna anayeshangaa.

Mama mmoja wa Mkoka, mteja wangu, alipanda chotara msimu mmoja, msimu uliofuata akarudi kwenye mbegu yake ya zamani. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mzee, hii nyeusi yako inanila magunia." Ningemwambia nini? Hesabu yake ilikuwa sahihi. Huyo ndiye anayeitwa mwenye uelewa mdogo.

Msomaji mwenye mizani ndogo ya jikoni anaweza kujionea. Apime gramu 100 za alizeti, akae na watoto wamenye maganda, kisha apime maganda peke yake na viini peke yake. Kwa mbegu za kizamani maganda huweza kukaribia gramu 40. Kwa chotara nzuri ya mafuta ni kama robo tu. Na ganda halina mafuta ya maana. Linapita kwenye mashine, linanyonya mafuta kidogo ya kiini, linaondoka nayo kwenye mashudu. Ng'ombe wanafurahi, mimi sifurahi.

Nataka niende ndani zaidi ya ganda, kwa sababu makala ile ilizungumzia "mbegu bora" bila kueleza ubora huo unakaa wapi. Unakaa kwenye jeni, na habari yake inavutia kuliko takwimu za ekari tunazosomewa kwenye mikutano.

Kile tunachokiita punje ya alizeti kwa kweli ni tunda dogo kavu. Ganda lake ni mwili wa mmea mama, yaani unene wake umeamuliwa na jeni za mama peke yake. Kiini kilichomo ndani ni mtoto, kiinitete, na nusu ya jeni zake zimetoka kwenye chavua iliyoletwa na nyuki, pengine kutoka shamba la jirani ng'ambo ya barabara. Mafuta yako kwa mtoto huyo. Ni akiba yake ya chakula ya kuanzia maisha, na sisi tunamnyang'anya.

Maua yakishachavushwa, siku za mwanzo mbegu haitengenezi mafuta yoyote ya maana. Inagawanya seli na kujenga umbo la kiinitete. Baadaye, kama wiki moja na nusu baada ya uchavushaji, kazi inabadilika: sukari inayoshuka kutoka kwenye majani inaanza kugeuzwa mafuta, na hali hiyo inaendelea kwa muda wa wiki tatu hivi. Halafu mbegu inakauka na kulala. Nani anatoa amri ya kubadilisha kazi? Wataalamu walipata jibu kwenye gugu dogo la jamii ya haradali na kabichi liitwalo Arabidopsis, ambalo halina faida yoyote sokoni ila linaota upesi na jeni zake zinasomeka kwa urahisi. Mwaka 1998 mtafiti Christoph Benning na mwenzake walieleza mmea wa gugu hilo ambao mbegu zake zilikuwa zimesinyaa, na mafuta yake yalikuwa yamepungua kwa asilimia 80 hivi. Kasoro ilikuwa kwenye jeni moja. Ikaitwa WRI1, jina linalotokana na mikunjo ya mbegu hizo.

WRI1 haitengenezi mafuta. Inatoa protini inayokaa juu ya jeni nyingine na kuziamsha, zile zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja sukari na kuunda asidi za mafuta. Nayo ina wakubwa wake; mmojawapo ni jeni iitwayo LEC1, inayofanya kazi mapema wakati kiinitete kinajengwa. Kwa hiyo kuna mlolongo wa amri: mkubwa anamwamsha wa kati, wa kati anawaamsha vibarua. Mkubwa asipoamka kwa wakati, au wa kati akiwa dhaifu, sukari inabaki sukari, mbegu inabaki pepe. Jeni za namna hii zimeonekana kwenye mazao mengi ya mafuta. Kwenye mchikichi, ambao mafuta yake ya mawese yako kwenye nyama ya tunda, WRI1 inafanya kazi kwa nguvu kubwa humo, ilhali kwenye nyama ya tende, jamaa yake wa karibu wa jamii ya minazi, iko kimya kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana tende imejaa sukari na chikichi imejaa mafuta. Miti miwili ya ukoo mmoja, na tofauti kubwa iko kwenye nani kaamshwa na nani kaachwa alale.

Vibarua wenyewe wanafanya hivi. Ndani ya vifuko vidogo vya seli, asidi ya mafuta inaungwa kaboni mbilimbili mpaka zifike 16 au 18. Kimeng'enya kimoja kinaweka kiungo cha pacha katikati ya mnyororo wa 18, tunapata asidi ya oleiki. Kingine, kinachotokana na jeni ya FAD2, kinaongeza kiungo cha pili, tunapata asidi ya linoleiki, ambayo ndiyo nyingi kwenye alizeti ya kawaida. Viungo hivyo vinapinda mnyororo, na minyororo iliyopinda haipangiki vizuri ikagandamana. Hapo ndipo penye siri ya mteja wangu anayeliweka dumu nje usiku wa Julai, Dodoma ikiwa na baridi ya kukata, asubuhi aangalie kama yameganda. Mawese yana asidi nyingi iliyonyooka, yanaganda. Alizeti halisi inabaki majimaji. Huyo mteja hajawahi kusikia habari za FAD2, lakini anaipima, na wanaochanganya mafuta wanamwogopa.

Mwisho asidi tatu zinafungwa pamoja kwenye gliseroli, na ya tatu inafungwa na kimeng'enya kiitwacho DGAT. Mwaka 2008 watafiti wa mahindi walionyesha kwamba tofauti ndogo sana kwenye DGAT, kuongezeka kwa kipande kimoja tu cha protini katika mamia ya vipande, kunaweza kuongeza mafuta ya punje ya mahindi hadi kwa asilimia 41. Kisha matone ya mafuta yanazungushiwa protini iitwayo oleosini ili yasiungane mbegu inapokauka. Mashine yangu kazi yake ni kuvunja ulinzi huo. Ndiyo maana tunaianika mbegu juani au kuipasha moto kabla ya kukamua.

Nimeeleza kirefu makusudi. Kiasi cha mafuta si bahati ya mkulima wala baraka ya shamba peke yake. Kimeandikwa kwenye mbegu kabla haijaingia ardhini. Mwaka 2017 jumuiko la wanasayansi wakiongozwa na Wafaransa walichapisha usomaji wa jeni zote za alizeti: kromosomu 17, herufi karibu bilioni 3.6, zaidi ya zetu sisi binadamu, na jeni zaidi ya 52,000. Mambo ya mafuta yametawanyika humo, hayako kwenye jeni moja ambayo mtu ataiwasha tu akatajirika. Ni jeni nyingi zenye mchango mdogomdogo, na njia ya kuzikusanya katika mmea mmoja ni kuchagua, kizazi baada ya kizazi.

Hapa sasa niombe Mhariri anivumilie, maana ndipo hoja yangu ilipo. Anayechagua anachagua kwa kutumia nini?

Alizeti ni mmea wa asili ya Amerika Kaskazini, lakini walioufanya zao kubwa la mafuta ni Warusi. Vasily Pustovoit alianza kazi ya kuuboresha kule Krasnodar mwaka 1912. Mbegu za enzi hizo zilikuwa na mafuta kama asilimia 30. Hadi miaka ya 1960, yeye na wenzake walikuwa wamefikisha mbegu za asilimia 50. Hakuwa na mashine za kusoma jeni. WRI1 na DGAT hazikuwa zimejulikana. Alichokuwa nacho ni utaratibu: anavuna kichwa kimoja kimoja, anaweka sehemu ya mbegu zake stoo, nyingine anazipeleka maabara na shambani zikapimwe. Zinazoonyesha mafuta mengi, anarudi stoo kuchukua zile ndugu zake alizoziweka na kuzipandisha pamoja, mbali na nyingine. Kila hatua mafuta yanapimwa. Wamarekani wa Illinois nao walianza mwaka 1896 kuchagua mahindi kwa mafuta, wakitoka chini kidogo ya asilimia 5, na baada ya vizazi mia wakafika karibu 20. Nao walikuwa wakipima mafuta yenyewe. Wangechagua kwa ukubwa wa gunzi wangepata magunzi makubwa.

Sasa sisi huku Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa, Manyoni, Ikungi, nasi tunachagua. Kila mkulima anayeweka mbegu ya msimu ujao anachagua. Anaangalia kichwa kikubwa, punje ndefu, gunia linalojaa upesi. Amekuwa akifanya hivyo miaka na miaka, baba yake kabla yake, na soko likimpongeza. Tumekuwa wafugaji hodari wa maganda. Kituo cha utafiti kinaleta mbegu yenye mafuta mengi, taasisi ya kuthibitisha mbegu (TOSCI) inaipitisha, wakala wa mbegu wa serikali (ASA) anaizalisha, inafika kijijini, halafu soko letu linaitengua kidogo kidogo mpaka irudi kuwa punje kubwa zenye uwazi ndani.

Kuhusu chotara niseme jambo moja ambalo mawakala wa pembejeo hawalielezi, nao wakulima wanaishia kudhani wamedanganywa. Chotara ya alizeti inatengenezwa kwa kutumia mmea mama usiotoa chavua. Mfaransa Patrice Leclercq aliipata hali hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kuzalisha alizeti ya shambani na ndugu yake wa porini, na baadaye kidogo ikapatikana jeni ya kurejesha chavua upande wa baba. Mkulima anaponunua mfuko anapata kizazi cha kwanza, kilichosawazika: vichwa sawa, urefu sawa, vinaiva pamoja. Akiweka mbegu yake akaipanda tena, jeni zinagawanyika. Pale ambapo ni jeni moja tu inayorejesha chavua, robo ya mimea inatoka haina chavua kabisa. Mingine mirefu, mingine mifupi, mafuta yamepanda huku yameshuka kule. Si uchawi wala si hila ya "wazungu", na chotara si GMO, yaani mbegu iliyobadilishwa jeni maabara. Nataja hili kwa sababu hapa Dodoma neno GMO lina historia yake: majaribio ya mahindi ya Makutupora yalisimamishwa na serikali mwaka 2018, na tangu hapo kila mbegu ya mfuko wenye rangi nzuri inashukiwa vijiweni. Asiye na uwezo wa kununua chotara kila mwaka apande mbegu iliyozalishwa kwa uchavushaji huria, ikiwemo ile ya kuazimiwa ubora inayozalishwa na wakulima wenyewe chini ya usimamizi, mradi shamba la mbegu liwe mbali na la jirani. Nyuki hawajui mpaka.

Na nyuki hao tuwaheshimu. Anayepuliza dawa ya wadudu alizeti ikiwa kwenye maua, tena asubuhi, anaua wafanyakazi wake kisha analalamika kwamba katikati ya kichwa kuna mapepe.

Hali ya hewa nayo ina neno lake, sikatai. Kanda yetu inapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Wengi wetu tunaanza na mahindi, uwele na mtama, alizeti inapewa nafasi ya mwisho, Januari ikielekea Februari. Mvua ikikatika mapema, zile wiki tatu za kujaza mafuta zinaangukia kwenye udongo mkavu. Majani yanajikunja, sukari haishuki, na amri za WRI1 zinakosa malighafi. Ukipanda mapema mno nako, vichwa vinaiva mvua bado inanyesha na vinaoza. Joto pia linabadilisha aina ya mafuta: kimeng'enya cha FAD2 kinapenda ubaridi, kwa hiyo alizeti iliyojaza mbegu kwenye usiku wa joto huwa na oleiki zaidi. Warusi waliipata mwaka 1976, kwa kuishtua mbegu kwa kemikali, alizeti ambayo FAD2 ya mbegu haifanyi kazi yake. Mafuta ya kizazi chake yana oleiki zaidi ya asilimia 80 na yanavumilia kukaangia kuliko ya kawaida. Wauza chipsi wa Jamatini, mjini Dodoma, wangeyapenda. Lakini nani ataipanda, kama anayeinunua halipi senti zaidi?

Nchi yetu bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, mengi yakiwa mawese. Mwaka 2021 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja Singida kuhimiza alizeti, na Dodoma, Singida na Simiyu zikawekwa mbele. Ruzuku ya mbegu ikaja. Vizuri. Lakini taarifa zote zilizofuata zimekuwa za ekari zilizolimwa na tani za mbegu zilizogawiwa. Sisi wa Kongwa tunazijua hesabu za ekari kuliko mtu yeyote. Mwaka 1947 Waingereza, nchi yao ikiwa na njaa ya mafuta baada ya vita, walikuja hapahapa na Mpango wa Karanga. Walitaka ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka wa kwanza walipanga kulima 150,000, wakapanda kama 7,500. Udongo wa Kongwa ukikauka ni mgumu kama sakafu, jembe linakwaruza tu, na karanga haing'oki. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, paundi milioni 36 zikiwa zimekwenda. Wazee walikuwa wakituambia waliuziwa vipuri vya matrekta kwa bei ya chuma chakavu. Ripoti za London zilijaa ekari. Mafuta yaliyopatikana hayakutosha hata kulainisha matrekta yenyewe. Hili la mwisho ni utani wa wazee, msilichukue kama takwimu.

Kupima mafuta kunawezekana, tena siku hizi ni rahisi kuliko enzi zangu. Mimi nilitumia chombo cha Soxhlet, kilichobuniwa mwaka 1879: unasaga mbegu, unaichemshia heksani kwa saa kadhaa, unavukiza, unapima kilichobaki. Sampuli chache kwa siku, na harufu inakufuata nyumbani. Leo kuna vifaa vya mwanga wa infraredi, na vya sumaku viitwavyo NMR, vinavyopima mbegu nzima bila kuivunja, majibu kwa dakika. Wakamuaji wakubwa wanajua wananunua nini. Hata mimi mdogo, jioni nikihesabu madumu najua gunia la nani lilikuwa na nini. Asiyejua ni muuzaji peke yake.

Tuweke hesabu wazi. Kilo 100 za alizeti yenye mafuta asilimia 32 zina kilo 32 za mafuta. Yenye asilimia 44 zina kilo 44. Tofauti ni kilo 12, yaani lita 13 hivi. Hata tukikubali kwamba mashine zetu ndogo zinaacha sehemu ya mafuta kwenye mashudu, zidisha kinachobaki kwa bei ya lita dukani kwako, msomaji, uone ni nani amekuwa akiichukua tofauti hiyo miaka yote. Mimi nikiwemo.

Wamarekani wanaouza alizeti ya mafuta wana kanuni ya kawaida sokoni: bei ya msingi ni ya asilimia 40, kila asilimia moja juu ya hapo mkulima anaongezewa asilimia mbili ya bei, na ikishuka anakatwa. Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wakulima wa miwa wa Kilombero wanalipwa kwa kuangalia kiasi cha sukari kilichomo kwenye muwa, na wanagombana na kiwanda kila mwaka kuhusu vipimo, ugomvi ambao ni wa afya kabisa. Kahawa inapangwa madaraja. Korosho za Mtwara hukatwa zikaangaliwa kiini kabla ya mnada. Kwa nini alizeti ya kanda ya kati ndiyo iuzwe kwa macho?

Kwa hiyo ninachoomba Wizara ya Kilimo na halmashauri zetu ni kidogo kuliko ruzuku ya msimu mmoja. Kwanza mizani, na marufuku ya debe itekelezwe kwa alizeti kama inavyoandikwa. Kisha kifaa kimoja cha kupimia mafuta kwenye soko la Kibaigwa, ambalo tayari lina maghala na uongozi, na kingine upande wa Singida. Kisimamiwe na mtu asiye mnunuzi. Mkulima au chama cha ushirika (AMCOS) alete sampuli, apewe karatasi yenye asilimia ya mafuta na unyevu, ajadiliane bei akiwa nayo mkononi. Kama ada ni lazima, mnunuzi ailipe. Na matokeo yale, bila majina ya watu, yapelekwe kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ilonga, wajue kila msimu ni mbegu gani inashikilia mafuta yake kwenye udongo wa Mkoka na ni ipi inayaacha njiani. Pustovoit angelipia data hizo.

Najua wakamuaji wenzangu watasema mashine zetu ndogo haziwezi kumudu bei ya namna hiyo. Nimepiga hesabu, tunaweza. Gunia lenye mafuta mengi linatumia umeme uleule na muda uleule wa kijana anayelisha mashine, na linatoa dumu zaidi. Tunachopoteza ni faida ya kujua kitu ambacho muuzaji hakijui.

Kifaa kikifika sokoni, mimi nitabandika bei mlangoni wiki hiyohiyo: ya msingi kwa asilimia 35, nyongeza kwa kila asilimia moja inayozidi, punguzo kwa inayopungua. Yule mama wa Mkoka nimeshamwambia. Alisema atarudia nyeusi siku atakapoiona hiyo karatasi kwa macho yake.

Fundi sanifu mstaafu na mkamuaji alizeti,
Kibaigwa, Kongwa, Dodoma.